Kuishi na vitiligo machoni pa watu: jinsi ya kuutunza moyo huku ngozi ikitibiwa

Vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi na kubaki na mabaka meupe, haiumi. Haitoi usaha, haikulazi kitandani, na kwa wengi haiwashi hata kidogo. Ndiyo maana mwenye mabaka akilalamika nyumbani huambiwa, "Mshukuru Mungu, kuna wenzako wana saratani." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, lakini humnyamazisha mtu mwenye kazi nzito isiyoonekana: kuangaliwa kila siku, kuulizwa kila siku, na kuamua kila asubuhi avae nini ili asiangaliwe wala kuulizwa.

Mimi nina mabaka mikononi, miguuni na pembeni mwa mdomo, na nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki za ngozi pamoja na wenzangu wengi. Jambo ninalotaka ulishike ni moja: usingoje rangi irudi ndipo uanze kuishi. Tiba ya vitiligo ni ya miezi, mara nyingine miaka, na kwa baadhi yetu rangi hairudi yote. Anayeahirisha kazi, masomo na ndoa mpaka apone anaweza kujikuta ameahirisha ujana wake wote. Kwa hiyo hatua hizi zinaanza siku ileile unayoanza dawa, na mbili za mwanzo hazihitaji dawa kabisa. Mwenye pumu ya ngozi, soriasisi au makovu ya moto naye atapata cha kwake humu, ingawa mifano yangu ni ya vitiligo kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo.

Hatua ya kwanza: Pata jina sahihi la ugonjwa

Mwanzoni kinachotesa ni kutojua. Baka dogo limetokea kwenye kope au kidoleni, na kabla wiki haijaisha umeshaambiwa ni fangasi, ni ukoma, umerogwa, umejichubua. Kila jina linakuja na hofu yake. Nenda kwa mtu aliyesomea ngozi akuambie ni lipi.

Si lazima ufike Muhimbili au Kenyatta. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha kanda cha kufundishia wataalamu wa ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wengi waliosoma pale wamerudi kufanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya, ndani na nje ya Tanzania. Uliza mapokezi kwenye hospitali ya mkoa wako kama kuna daktari au tabibu wa ngozi, na siku gani anaona wagonjwa. Kliniki za ngozi mara nyingi zina siku zake, na kufika siku isiyo yake ni nauli iliyopotea na moyo uliovunjika bure.

Mtaalamu atataka kukuona mwili mzima, pengine kwenye chumba chenye giza kwa taa maalumu inayofanya mabaka ya vitiligo yang'ae meupe pee. Atakuuliza kama unahisi unapoguswa. Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia: umefumba macho, unaguswa na pamba, hujui. Baka la vitiligo linahisi sawa na ngozi nyingine. Fangasi wa ngozi, wale wanaoitwa mba au utangotango, hutoa magamba laini na huondoka kwa dawa zao.

Akitaka kukupima damu kuangalia tezi ya shingo, usikatae. Matatizo ya tezi ya thairoidi huonekana zaidi kwa wenye vitiligo kuliko kwa watu wengine, na tezi iliyozembea huleta uchovu, uzito wa mwili na huzuni. Unaweza ukadhani mabaka ndiyo yanayokulemea, kumbe sehemu ya mzigo huo inatibika kwa kidonge.

Kabla hujatoka, mwombe akuandikie jina la ugonjwa na sentensi moja kwamba hauambukizi, atie saini na mhuri. Itoe kopi mbili tatu. Utaona huko mbele inatumika wapi.

Hatua ya pili: Itoe hatia, yako na ya mama yako

Ngozi ina seli zinazotengeneza rangi. Kwenye vitiligo kinga ya mwili, inayopaswa kupambana na vijidudu, huzigeukia seli hizo na kuziua, na pale zilipokufa panabaki peupe. Inakadiriwa watu kati ya 5 na 20 katika kila 1,000 duniani wanao ugonjwa huu, wa rangi zote, wake kwa waume. Kwetu unaonekana zaidi kwa sababu weupe juu ya ngozi nyeusi hauna pa kujificha.

Hukuuleta kwa kula samaki na maziwa mlo mmoja. Hukuuleta kwa uchafu wala kwa dhambi. Mama yako naye hakuuleta kwa kitu alichokula akiwa na mimba yako, na ninalisema hili kwa sababu nimeona kinamama wanaobeba hatia hiyo kimyakimya miaka mingi, wakimwangalia mtoto wao kwa macho ya kuomba radhi. Ukijua, mwambie: "Mama, daktari amesema hakuna aliyekosea." Sentensi hiyo imefungua mazungumzo mengi ndani ya nyumba.

Jiandae pia kwa tuhuma ya kujichubua. Mtaani wapo wanaouita huu "ugonjwa wa Michael Jackson", na kisa chake kinafaa kukumbukwa. Alimweleza Oprah Winfrey kwenye televisheni, Februari 1993, kwamba ana ugonjwa unaoharibu rangi ya ngozi, na watu wengi sana waliendelea kusema anajichubua kwa kuuchukia weusi wake. Uchunguzi wa mwili wake baada ya kufariki tarehe 25 Juni 2009 ulithibitisha kwamba alikuwa na vitiligo. Ikiwa mtu aliyejulikana dunia nzima hakuaminiwa kuhusu ngozi yake mwenyewe, basi jirani akikutuhumu kwa mkorogo usiichukue kama hukumu juu yako. Tarehe hiyo ya 25 Juni sasa ndiyo siku ya vitiligo duniani.

Kuombewa sikukatazi, sala inatuliza moyo, na moyo uliotulia unasaidia. Nakuomba tu usikubali kuchanjwa chale, kusuguliwa na mawe au kupakwa dawa inayounguza. Kwenye ugonjwa huu mabaka mapya huweza kuota palepale ngozi ilipojeruhiwa. Mtu anaenda na baka moja gotini, anarudi na chale kumi na mbili, na baada ya miezi chale hizo zimekuwa mistari meupe. Hapo mwili umepata baka na moyo umepata majuto.

Hatua ya tatu: Andika vitu ulivyoviacha

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kaa peke yako na karatasi. Andika kila kitu ulichokuwa ukifanya kabla ya mabaka ambacho sasa hufanyi, au unakifanya kwa kujificha.

Kujificha huanza kidogo kidogo, kwa hiyo ni rahisi kutoona umefika wapi. Shati la mikono mirefu Dar es Salaam mwezi Februari. Kuchagua kiti cha dirishani kwenye daladala ili upande wenye baka ukae ukutani. Kuwa mpiga picha kwenye kila sherehe ili usipigwe. Kuacha mpira kwa sababu ya kaptula. Soksi ndani ya kandambili. Kunyoa nyumbani kwa mashine ya kuazima kwa sababu kinyozi alisita kabla ya kukugusa kichwa.

Na sinia. Kwetu Pwani, kwenye shughuli, watu wanne watano hukaa kuzunguka sinia moja la pilau na kila mmoja anakula upande wake kwa mkono. Mwenye mabaka mkononi anajua ule muda mfupi kabla ya kutia mkono: anatazama nani anatazama. Mwingine huomba apakuliwe pembeni kwa kisingizio cha tumbo, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka watu wanazoea kwamba fulani huwa hali na wenzake. Hakuna aliyemfukuza kwenye sinia, ila hayupo tena.

Ukimaliza kuandika, weka alama kwenye kitu kilicho chepesi kuliko vyote, na ukirudishe wiki hii. Kama ni mikono mifupi, anza kwa kwenda dukani pa jirani na kurudi. Fanya hivyo mara kadhaa kabla hujaenda sokoni. Mara ya kwanza moyo utadunda, mara ya tatu utadunda kidogo. Usianze na harusi ya watu mia tatu. Ukishindwa pale utajiambia haiwezekani kabisa. Kila unapokizoea kimoja, panda kwenye kingine. Karatasi hiyo itunze, kwa sababu itakuonyesha unaendeleaje hata kama mabaka hayajabadilika.

Sehemu ya kujifunika naiheshimu. Mtu akitaka kupaka fundesheni siku ya usaili au siku ya ndoa yake, apake, na asikubali kuitwa mwoga. Jiulize tu swali hili: ningeweza kutoka bila hii? Kama jibu ni ndiyo, fundesheni ni pambo. Kama jibu ni hapana hata kwa kwenda kununua chumvi, rudi kwenye karatasi. Kwa wanaopenda kupamba mikono, hina ya majani ya asili haina shida kwa wengi. Piko nyeusi iepukeni. Rangi ya nywele iliyomo ndani yake huunguza ngozi za watu wengi, na mmeshaona juu kwamba jeraha kwetu linaweza kuacha baka jipya.

Hatua ya nne: Tayarisha maneno yako kabla hujaulizwa

Kinachochosha kwenye maswali ni kushtukizwa. Upo kwenye foleni ya benki unawaza mambo yako, mtu anakuuliza, "Hivi hiyo mikono uliungua?" Siku nzima inaharibika kwa sababu ulibabaika. Ukiwa na jibu mdomoni, swali lilelile linapita.

Uwe na majibu matatu. La kwanza ni fupi, kwa mtu usiyemjua na hutamwona tena: "Ni ugonjwa wa ngozi, hauambukizi." Kisha endelea na ulichokuwa unafanya. Hudaiwi maelezo zaidi.

La pili ni kwa watu utakaoishi nao, jirani, mfanyakazi mwenzako, mwalimu wa dini: "Inaitwa vitiligo. Seli zinazotengeneza rangi zimekufa sehemu hizi. Hauambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja, na hauniumi. Natibiwa." Liseme kwa sauti ukiwa peke yako, kama unavyokariri jambo la mtihani, mpaka litoke bila kutetemeka.

La tatu ni la kufunga mlango. Kuna anayeuliza kwa mara ya nne, au anayeanza kukuandikia dawa ya shemeji yake. Kwa mkubwa: "Shikamoo mama. Ahsante kwa kunijali, lakini ninaye daktari anayenihudumia, na leo sitaki kulizungumzia." Kwa rika lako: "Ndugu yangu, hilo tuliache. Habari za nyumbani?"

Kuhusu macho ya watu nina njia moja ninayoiamini kuliko zote: salamu. Mtu mzima anayekukodolea macho kwenye kituo cha basi, mtazame usoni na umwamkie. "Shikamoo." Kwa malezi yetu hawezi kuiacha ining'inie hewani; atasema "marahaba", na akishasema hivyo keshakuona kama mtoto wa mtu. Wengi huangusha macho, wengine huanza mazungumzo ya kawaida kabisa. Kwa vijana inatosha "mambo vipi". Haifanyi kazi kila mara, na zipo siku ambazo huna nguvu ya kumsalimu mtu. Siku hizo geuka upande mwingine, vaa miwani, ondoka. Hakuna mtihani unaoufeli.

Mtoto mdogo akiuliza, mjibu vizuri kuliko wote. Anauliza kwa kuwa ameona tu, hana ubaya. "Rangi yangu imetoka hapa. Unataka kugusa?" Wengi hugusa, wanaona ni ngozi, wanaendelea na michezo yao. Mara nyingi mama yake ndiye anayehangaika kumvuta.

Hatua ya tano: Linda riziki yako

Mabaka ya mikononi humuumiza zaidi anayeishi kwa mikono: mama lishe, muuza matunda, msusi, muuguzi, kinyozi. Namfahamu mama anayeuza chapati na supu asubuhi. Baka lilipotokea kwenye vidole, wateja hawakusema kitu. Walianza kuweka hela mezani badala ya kumpa mkononi, na kuokota chenji mezani vilevile. Kisha wakapungua. Akanunua glavu za plastiki, ikawa vibaya zaidi, kwa sababu sasa kila mtu alijiuliza anaficha nini.

Kilichobadilisha mambo kwake ni mazungumzo na wateja wake wa zamani, mmoja mmoja. Hakusubiri waulize. Alianza na mzee mmoja mwenye kauli pale kijiweni, akamweleza, akamwonyesha karatasi ya daktari. Mzee akala chapati yake mbele za watu na kusema kwa sauti kwamba haya hayaambukizi. Waliobaki walifuata. Wapo ambao hawakurudi, nao walimwuma, sitaki kudanganya. Lakini biashara ilisimama.

Kwa hiyo chagua mtu mmoja au wawili wanaosikilizwa mahali pako pa kazi, waeleze kabla uvumi haujatangulia. Weka kopi ya barua ya daktari karibu. Kama kazi yako inadai cheti cha afya, kama ilivyo kwa wahudumu wa chakula, kumbuka vipimo hivyo vinatafuta magonjwa ya kuambukiza, na vitiligo haimo. Mwajiri akikuhamishia stoo "ili wateja wasikuone", omba maelezo hayo kwa maandishi, na peleka barua ya daktari kwa maandishi vilevile. Wengi hulegea wakiona jambo limefika kwenye karatasi. Asiyelegea, karatasi hizo ndizo utakazokwenda nazo kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Hatua ya sita: Itibu ngozi bila kuifanya mahakama ya kila asubuhi

Dawa zipo. Zipo krimu za steroidi, ipo takrolimasi, dawa nyingine ya kupaka inayopendelewa kwa usoni, ipo tiba ya mwanga ambayo mtu huenda hospitali mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Marekani iliidhinisha krimu ya raksolitinibu kwa vitiligo mwezi Julai 2022. Bei yake ni kubwa sana, usiuze shamba kwa ajili yake kabla hujamaliza tiba za kawaida.

Jua mapema kipi kinategemewa. Usoni na shingoni rangi hurudi kwa urahisi zaidi. Vidole, miguu na midomo ni wagumu. Baka ambalo vinyweleo vyake vimekuwa vyeupe nalo ni gumu, kwa sababu rangi mara nyingi huanza kurudi kutoka kwenye mashina ya vinyweleo; utaona vidoti vyeusi vikitokea ndani ya weupe, na hizo ni habari njema. Tiba haihukumiwi kabla ya miezi mitatu hivi. Ukiyajua haya hutajilaumu wiki ya tatu kwa kuwa vidole havijabadilika.

Kioo ndicho adui hapa. Kupima baka kwa kidole kila asubuhi hakukuonyeshi kitu, kwani mabadiliko ni ya polepole mno, ila kunakupa huzuni ya kuanzia siku. Piga picha mara moja kwa mwezi, dirisha lilelile, saa ileile, na baka likiwa karibu na sarafu ili ukubwa ulinganishwe. Baada ya hapo kioo kiwe cha kuchania nywele.

Krimu za steroidi zinazouzwa holela madukani usijipangie mwenyewe. Ukizidisha muda zinaifanya ngozi iwe nyembamba, inatoa michirizi na chunusi, na sasa una mambo mawili ya kuulizwa. Na kuhusu jua la mchana: sehemu nyeupe haina kinga, inaungua haraka. Kofia pana na kivuli cha saa sita mchana ni tiba pia.

Hatua ya saba: Zungumza nyumbani, na kwa unayempenda

Kwa mchumba, sema mapema, kabla ya mshenga hajatumwa na kabla mabaka yaliyofunikwa na nguo hayajagunduliwa. Anayeambiwa na wewe hupokea habari. Anayeambiwa na shangazi hupokea siri. Atauliza kuhusu watoto. Jibu la kweli ni kwamba ugonjwa huu una asili kidogo ya ukoo, lakini wengi wa watoto wa wenye vitiligo hawaupati. Mwachie muda wa kufikiri. Akiondoka, itauma sana, na una haki ya kuumia bila mtu kukuharakisha.

Kwa waliokwisha kuoana, shida huwa nyingine: taa kuzimwa, kujifunga khanga hata usiku, mwenza kudhani amechukiwa. Mwambie kinachokutia aibu ni ngozi yako, asije akadhani ni yeye.

Ukiwa ndugu wa mwenye mabaka, acha kuhesabu mabaka yake mezani. "Naona limeongezeka" hakumsaidii mtu. Keshaliona kabla yako. Uliza, "Leo ilikuwaje huko kazini?" na usikilize mpaka mwisho.

Hatua ya nane: Kwa mtoto, nenda shule kabla ya majina ya utani

Winnie Harlow, mwanamitindo wa Kanada, aligunduliwa ana vitiligo akiwa na miaka minne, na amesimulia hadharani jinsi watoto shuleni walivyomwita ng'ombe na pundamilia. Mwaka 2014 alishiriki shindano la wanamitindo la televisheni Marekani na dunia ikamjua. Picha zake mwonyeshe binti yako, atafurahi. Lakini usimwekee deni la kuwa mwanamitindo ndipo aheshimiwe. Ana haki ya kuheshimiwa akiwa mwanafunzi wa kawaida wa darasa la tatu.

Nenda kwa mwalimu wa darasa muhula ukianza, na barua ya daktari mkononi. Mwombe aeleze darasa kwa maneno machache siku mtoto mwenyewe atakayokubali, au siku asipokuwepo, achague yeye. Mfundishe jibu lake: "Ni rangi tu imetoka. Haiambukizi. Twende tukacheze." Kaeni nyumbani mliigize, wewe ukiwa mchokozi. Akipigwa au kunyanyaswa na shule ikanyamaza, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure Tanzania, na Kenya pia.

Angalia dalili ambazo mtoto hazisemi: tumbo linalouma Jumapili usiku, sweta lisilovuliwa, kuanza kukojoa kitandani tena. Hayo ni mazungumzo ya kwenda nayo kliniki.

Hatua ya tisa: Jua mstari ambao huuvuki peke yako

Huzuni ya siku mbili baada ya kutukanwa ni ya kawaida. Zikitimia wiki mbili na bado kila siku umelemewa, huna hamu ya vitu ulivyovipenda, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipandi, unakunywa pombe ili uweze kutoka nje, au unawaza kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, hapo ni ugonjwa wa pili, una dawa na una wataalamu wake.

Kwenye kliniki ya ngozi muda ni mfupi na daktari anaangalia ngozi. Mwanzishe wewe: "Daktari, dawa nimepata, lakini moyo haupo sawa. Silali, na sina hamu ya kitu. Naomba nionane na mtu wa afya ya akili." Hospitali za mikoa kwa kawaida huwa na muuguzi au daktari wa kitengo hicho, na waliozidiwa hupelekwa Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, au Mathari kwa walio Nairobi. Kenya, Msalaba Mwekundu wana namba 1199 ya ushauri, bure. Aibu ya kuonekana kwenye dirisha la afya ya akili ipo, naijua. Nenda na mtu.

Na wewe unayemsindikiza: akikuambia anataka kufa, usimkemee kwa kukosa imani wala usibadilishe mada. Muulize waziwazi kama amepanga namna ya kufanya. Usimwache peke yake hata kwa usiku mmoja. Toa sumu ya panya, dawa za mifugo na vidonge vilivyobaki chumbani, na mpeleke hospitali siku hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na bodaboda ni ya kuamsha. Ukifika dirishani sema, "Mgonjwa wangu anataka kujiua," kwa maneno hayo hayo, ili asiwekwe kwenye foleni ya ngozi.